Video Nyingi au Video Nzuri: Hesabu ya Kukuza Chaneli ya YouTube

Anayeanza chaneli ya YouTube hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Huyu anamwambia aweke video kila siku kwa sababu YouTube inawabeba wanaochapisha mfululizo. Yule anamwambia atoe moja kwa mwezi, mradi iwe kali. Kila upande una mashahidi wake. Casey Neistat wa New York alianza kuweka video ya kila siku Machi 2015 na akaendelea hivyo hadi Novemba 2016, kipindi ambacho chaneli yake ilipaa. Mark Rober, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NASA, hutoa takriban video moja kwa mwezi na ana mamilioni ya wafuatiliaji. Katikati yupo Tom Scott wa Uingereza, aliyetoa video kila wiki kwa miaka 10 kuanzia Januari 2014, kisha akasimamisha ratiba hiyo Januari 2024.

Ukiiga kalenda zao tu hutafika mbali. Neistat aliingia kwenye video za kila siku akiwa tayari ameshafanya kipindi cha televisheni HBO. Mkono wake ulikuwa mwepesi tangu mwanzo. Video nyingi za Scott zilikuwa fupi, mtu mmoja amesimama mbele ya kamera akieleza jambo moja, kwa hiyo wiki ilimtosha. Rober hujenga mashine ambazo haziwezi kukamilika kwa siku saba hata angetaka. Kila mmoja alianza na aina ya video, na aina hiyo ndiyo iliyoamua itatoka mara ngapi. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunatangaza "kila Jumatatu na Alhamisi saa mbili usiku" kabla hatujajua video moja inakula saa ngapi za kazi.

Mfumo unapima nini

Mfumo wa mapendekezo wa YouTube haugawi alama kwa wingi wa video. Hadi 2012 uzito mkubwa ulikuwa kwenye idadi ya mara video ilipobofywa, na matokeo yake yalikuwa vichwa vya uongo na vijipicha (picha ndogo zinazoonekana kabla ya kufungua video) vya kudanganya. Mwaka huo YouTube ilihamishia uzito kwenye muda wa kutazama, na baadaye ikaongeza vipimo vya kuridhika, yakiwemo maswali mafupi ambayo baadhi ya watazamaji huulizwa baada ya kutazama. Swali ambalo mfumo unajaribu kulijibu ni hili: mtu huyu, saa hii, akiwa na simu mkononi, atapenda kutazama nini? Kwamba uliweka video jana haliko kwenye jibu, ila kama video ya jana ilimridhisha yeye au watu wanaofanana naye.

Hapo ndipo watu huchanganya mambo. Husikia kwamba kila video hupimwa peke yake, wakadhani basi video mbovu haina madhara. Kweli haileti adhabu kwa chaneli nzima. Lakini mtazamaji ana kumbukumbu, na historia yake ya kutazama inayo pia. Aliyebofya video zako tatu akatoka kila moja kwenye sekunde ya 20 hataonyeshwa ya nne kwa urahisi, na akionyeshwa ataipita. Ukichapisha mara tano kwa wiki video ambazo hukuzifikiria, hiyo ndiyo tabia unayowafundisha watu wako wa mwanzo.

Arifa nazo zina kikomo. Mfuatiliaji mmoja hawezi kupata arifa zaidi ya 3 za video mpya na matangazo ya moja kwa moja kutoka chaneli moja ndani ya saa 24, hata kama amewasha kengele.

Jambo moja huwashangaza wengi. Kwenye masharti ya Mpango wa Washirika, yaani mpango wa YouTube unaowawezesha wenye chaneli kupata mapato, sehemu inayotaja idadi ya video ni ile ngazi ya awali iliyoletwa 2023: wafuatiliaji 500, saa 3,000 za kutazamwa katika miezi 12 au kutazamwa kwa Shorts (video fupi za YouTube) mara milioni 3 katika siku 90, pamoja na video 3 za hadharani ndani ya siku 90. Tatu, kwa miezi mitatu. Ngazi inayofungua mapato ya matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000, au Shorts mara milioni 10 katika siku 90, na haisemi lolote kuhusu video ngapi kwa wiki.

Piga hesabu kabla ya kupanga ratiba

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Chukua chaneli inayofundisha matengenezo ya pikipiki. Kama wastani wa kutazama ni dakika 3 kwa kila mtu anayefungua video, unahitaji kutazamwa mara 80,000 ndani ya mwaka. Kwa video 52, moja kila wiki, ni kama mara 1,540 kwa kila video.

Sasa mwenye chaneli anasikia ushauri wa kuongeza kasi, anahamia video mbili kwa wiki, lakini anazilipua. Wastani unashuka hadi dakika 2. Anahitaji kutazamwa mara 120,000, ambazo zikigawanywa kwa video 104 ni karibu 1,150 kwa kila moja. Jirani yake anabaki na moja kwa wiki lakini anaishughulikia hadi wastani unafika dakika 4 na nusu. Huyu anahitaji mara 53,300 hivi, yaani kama 1,025 kwa kila video. Wa pili anafanya nusu ya video, na bado kila video yake inahitaji watazamaji wachache zaidi ili kufika mahali pale pale.

Zidisha na kubofya. Kati ya watu 10,000 walioonyeshwa kijipicha, wakibofya 3% na kukaa dakika 3, unapata dakika 900, sawa na saa 15. Wakibofya 5% na kukaa dakika 4, ni dakika 2,000, zaidi ya saa 33. Hiyo ni zaidi ya mara mbili bila kuongeza video hata moja. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote zina kiwango cha kubofya kati ya 2% na 10%, kwa hiyo 5% si ndoto. Angalizo: kiwango hiki hushuka kadiri video inavyosambazwa kwa watu wasiokufahamu. Video iliyoanza na 9% kwa wafuatiliaji wako ikashuka hadi 4% huku idadi ya mara kijipicha kinapoonyeshwa ikipanda haijaharibika. Imetoka nje ya nyumba.

Kumbuka pia kwamba miezi 12 inahesabiwa kwa saa zilizotazamwa, haijalishi video ilichapishwa lini. Video ya miaka miwili iliyopita inayotafutwa kila siku bado inakuletea saa. Ukiifuta au kuifanya ya faragha kwa sababu unaionea aibu, saa zake zinaondoka kwenye hesabu ya kujiunga na mpango.

Ubora siyo kamera

Neno "ubora" limewapeleka wengi dukani. Mtu ananunua kamera, taa ya duara na pazia la kijani, kisha anarekodi video ileile iliyokuwa ikimchosha mtazamaji, safari hii kwa 4K. Ubora unaosogeza namba upo sehemu nne, na tatu kati ya hizo ni bure.

Kwanza ni mada na kichwa chake. "Somo la 4: Matengenezo ya pikipiki" halimwiti mtu yeyote. "Pikipiki inazima ukiachia mafuta? Safisha jeti hii ya kabureta" linamwita mtu mwenye tatizo hilo leo, na lina maneno ambayo yeye mwenyewe angeyaandika kwenye kisanduku cha kutafuta. Njia rahisi ya kuyapata maneno hayo ni kuanza kuandika "pikipiki ina..." kwenye kisanduku cha YouTube na kusoma kinachopendekezwa. Andika vichwa kumi kabla ya kurekodi. Usipopata hata kimoja kinachokuvutia wewe, shida iko kwenye mada, na hakuna uhariri utakaoiokoa.

Kijipicha kinafuata. Kiwe na upana wa pikseli 1280 kwa urefu wa 720, kitu kimoja kikubwa, maneno yasiyozidi manne, na yasirudie kichwa neno kwa neno. Kipunguze kwenye simu hadi kiwe na upana wa kidole gumba. Kama hujui ni picha ya nini, mtazamaji naye hatajua. Acha kona ya chini kulia wazi, kwa sababu YouTube hubandika hapo urefu wa video. YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli yako, pia inakuruhusu kuweka vijipicha hadi vitatu kwa video moja na kuvishindanisha, na kitu hiki hakitumiki kadiri kinavyostahili.

Sekunde 30 za mwanzo ndizo zenye hasara kubwa kuliko zote. Nembo inayozunguka kwa sekunde 8, salamu ndefu, kumshukuru kila mtu, kuomba wafuatilie na kubofya kengele kabla hujawapa chochote: hapo wengi wameshaondoka. Onyesha pikipiki ikizima. Onyesha jeti iliyoziba. Onyesha pikipiki ikinguruma baada ya kusafishwa. Sema zinahitajika zana gani. Ndipo uanze. Mtazamaji ameona kwamba ahadi ya kichwa ni ya kweli, na ana sababu ya kukaa.

Ya nne ni sauti, na hapa ndipo fedha kidogo inafaa itumike. Watu huvumilia picha yenye ukungu. Sauti yenye mwangwi hawaivumilii, hasa wanaotazama kwa spika ya simu ndani ya daladala au matatu. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, chumba chenye pazia na godoro au nguo za kutosha, feni imezimwa. Sauti ikipaa zaidi isizidi -6 dB kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kurekodi au kuhariri, ili isipasuke. Kabla ya kuchapisha, sikiliza video nzima kwa spika ya simu ukiwa karibu na barabara. Usiposikia neno, wao pia hawatalisikia.

Baada ya hapo grafu ya kubaki kwa watazamaji, iliyopo kwenye Studio, itakuambia mengine. Mporomoko mkali kabla ya sekunde ya 30 maana yake utangulizi ni mrefu au kichwa kimeahidi kisichokuwepo. Mteremko wa polepole ni wa kawaida. Shimo la ghafla katikati ni mahali watu waliporuka mbele: mara nyingi umerudia jambo au umetoka nje ya mada. Kilima ni mahali waliporudi nyuma, na kilima kina sura mbili. Ama sehemu hiyo ni tamu, ama haikueleweka. Rudi uitazame, ikiwa ni hatua ya kufungua skrubu uliyoionyesha kwa sekunde 2, jibu unalo.

Video moja inakula nini

Video ya kufundisha ya dakika 8, kwa mtu mmoja mwenye simu nzuri, hugawanyika takriban hivi: saa moja na nusu kutafuta na kuhakiki, moja na nusu kuandika mpangilio, mbili kurekodi, nne kuhariri, moja ya kichwa na kijipicha. Jumla saa 10. Mwenye saa 12 za ziada kwa wiki anaweza kutoa moja akabaki na pumzi.

Akilazimisha mbili, kila moja inabaki na saa 6. Kinachokatwa ni nini? Kurekodi hakukwepeki, kuhariri nako hakukwepeki. Kinachokatwa ni utafiti, mpangilio na kijipicha, yaani vitu vilevile vinavyomfanya mtu abofye na abaki. Ndiyo maana kuongeza kasi huonekana "kutofanya kazi". Tatizo halikuwa kasi, ni mahali kisu kilipopita. Anayetaka kuongeza idadi apunguze umbo: aache muziki wa chini, michoro inayoruka na vipande vya mapambo, arekodi kwa pembe moja badala ya tatu, ashuke kutoka dakika 8 hadi 5. Saa za kufikiri azilinde. Hapa wala asitafute faraja kwenye urefu: matangazo ya katikati huruhusiwa kuanzia dakika 8, lakini dakika 5 zilizovutwa hadi 8 hupoteza watu wengi kuliko wanaoliona hilo tangazo.

Kurekodi kwa mafungu husaidia zaidi ya kukesha. Siku mbili kwa mwezi, video mbili kila siku, taa na maiki zikiwekwa mara moja. Weka akiba ya video mbili zilizokamilika ambazo hazitaharibika kwa kuchelewa, kwa ajili ya wiki ya msiba, ugonjwa au umeme kukatika.

Na bando. Kwa kiwango ambacho YouTube inakipendekeza cha kupakia video ya 1080p (picha yenye pikseli 1080 kwa urefu) na fremu 30 kwa sekunde, yaani megabiti 8 kwa sekunde, dakika 8 ni kama MB 480. Video nane kwa mwezi zinakaribia GB 4, bila kuhesabu zile ulizorudia kupakia kwa sababu ya kosa la tahajia ndani ya video. Kwa 720p, megabiti 5, dakika hizohizo ni MB 300. Video inayoonyesha mikono ikifanya kazi kwa ukaribu haipotezi kitu kwa 720p.

Lini wingi ushinde

Wingi una kazi yake, na kuukataa kabisa ni kosa kubwa kama kuuabudu. Video 20 za mwanzo ni za kujifunza. Mtu aliyetumia miezi mitatu kwenye video ya kwanza hajajifunza chochote kutoka kwa watazamaji, kwa sababu hana watazamaji. Hapo moja hadi mbili kwa wiki za umbo jepesi ni bora, kwa sharti kwamba kila moja ibadilishe jambo moja unaloweza kulitaja: utangulizi mfupi zaidi, aina mpya ya kichwa, maiki mahali pengine. Video 20 zisizobadilisha chochote ni video moja iliyorudiwa mara 20.

Baada ya hapo panga video zako kwa saa za kutazamwa. Karibu kila mara utakuta mbili au tatu zimebeba chaneli nzima. Tengeneza ndugu zake: tatizo la karibu, modeli nyingine ya pikipiki, hatua inayofuata. Hapo ndipo kupunguza kasi na kuongeza muda kwa kila video huanza kulipa, maana sasa unajua unachokiboresha.

Aina ya maudhui nayo huamua. Habari, matokeo ya mechi na udaku hufa ndani ya siku moja, hivyo kuwahi ndio ubora wenyewe, na chaneli ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa video moja kwa wiki. Mapishi, ufundi, kilimo na masomo ya shule hutafutwa mwaka mzima, na kwa hao swali la wakati ni zito kuliko la wingi. Video ya kuandaa kitalu ikitoka katikati ya masika imechelewa. Ilipaswa kuwa tayari Februari. Mapishi ya futari yatoke wiki tatu au nne kabla ya Ramadhani, yapate muda wa kuonekana kwenye utafutaji. Saa ya kuchapisha, ambayo watu huijadili usiku kucha, ina uzito mdogo sana kwa video za aina hii.

Shorts ni hesabu nyingine. Tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika 3, ni rahisi kuzitoa kila siku, na ndiyo sababu huwapotosha wengi. Saa zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts haziingii kwenye zile saa 4,000. Mfuatiliaji aliyekuja kwa kichekesho cha sekunde 25 mara nyingi hana hamu ya somo la dakika 10, akilionyeshwa analipita. Zitumie kama kipande cha video ndefu ya mada ileile, chenye kiungo cha kumpeleka huko. Wafuatiliaji wa "nifuatilie nikufuatilie" kwenye magrupu ya WhatsApp ni wabaya kuliko hao: namba inapanda na hakuna anayetazama.

Kuna pia mwisho wa wingi ambao YouTube haiukubali. Video zinazozalishwa kwa mafungu kutoka kiolezo kimoja, sauti ya mashine ikisoma maandishi juu ya picha za kuokota, zinaweza kunyimwa mapato hata chaneli ikiwa na saa zote zinazotakiwa. Sera hiyo ilifafanuliwa upya Julai 2025, na chaneli nyingi za "video tatu kwa siku" zimejengwa hasa juu ya kitu hicho.

Dalili za kwamba kasi imezidi uwezo wako ni hizi: wastani wa kutazama unashuka kwa video tano mfululizo za mada zinazofanana, vichwa unaviandika dakika ya mwisho, maswali ya watazamaji yanarudia jambo ulilodhani umelieleza. Punguza, moja kwa siku 10 badala ya 7, na uwaambie watu. Kupumzika wiki kadhaa hakuifungii chaneli. YouTube imeeleza kwamba haikuona uhusiano kati ya urefu wa mapumziko na mabadiliko ya kutazamwa. Kikomo cha kuangalia ni miezi 6: chaneli inayochuma mapato isiyoweka video wala chapisho la jumuiya kwa muda huo inaweza kuondolewa kwenye mpango, na chapisho moja lenye picha ya kazi unayoiandaa linatosha kuonyesha kwamba bado ipo hai.